Kununua umeme Texas bila kunaswa na punguzo la bili

Aliyezoea Tanesco au Kenya Power akifika Dallas au Houston hukuta kampuni nyingi zikigombea kumuuzia umeme uleule. Soko hilo lilifunguliwa Januari 2002. Nyaya na nguzo zina mwenyewe mmoja kila eneo: Dallas ni Oncor, Houston ni CenterPoint. Umeme ukikatika kwa hitilafu, wapigie hao, si muuzaji. Austin na San Antonio zina mashirika yao ya mji, huko huchagui.

Linganisha bei kwenye powertochoose.org, tovuti ya Tume ya Huduma za Umma ya Texas. Usiamini bei inayotangulia, kwa sababu hiyo ni wastani wa anayetumia uniti 1,000 kamili. Fungua karatasi ya Electricity Facts Label, ambayo kila mpango lazima uwe nayo, usome wastani wa uniti 500, 1,000 na 2,000.

Chukua mpango wa senti 16 kwa uniti, wenye punguzo la dola 100 ukifikisha uniti 1,000. Ukitumia 1,000 unalipa dola 60, yaani senti 6. Ukitumia 990 unalipa dola 158.40. Uniti kumi tu zimekugharimu karibu dola 100! Anayeishi chumba kimoja mara nyingi hufika 1,000 miezi ya kiyoyozi peke yake, kwa hiyo mpango huo haumfai hata kidogo. Bora bei moja isiyo na masharti. Pigia hesabu matumizi ya miezi 12 kutoka bili za zamani.

Muuzaji akibisha hodi, usimwonyeshe bili. Namba ya ESI iliyomo, yaani namba ya utambulisho wa umeme wa nyumba yako, inaweza kutumika kukuhamishia kampuni nyingine bila ridhaa yako, na hilo ni kosa kisheria.

Ukihamia kampuni nyingine ukiwa nyumba ileile, una siku 3 za kazi za kughairi bila gharama tangu upokee masharti. Ukihama nyumba kabla mkataba haujaisha, hutozwi faini ya kuvunja mkataba ukionyesha uthibitisho wa anwani mpya. Andika tarehe ya mwisho wa mkataba kwenye simu: ndani ya siku 14 kabla yake unaweza kuondoka bila faini, na ukiisahau unaangukia bei ya mwezi kwa mwezi, ambayo kwa kawaida ni ghali zaidi.

Ukitozwa isivyo haki, lalamika kwanza kwa kampuni, kwa maandishi. Isipokuridhisha, peleka malalamiko kwa Tume, bure, ukiambatanisha bili na Facts Label uliyohifadhi siku ya kujiunga.