Umemuokota mbwa koko mtundu? Anza na ratiba ya maji

Watu wanaookota mbwa huku pwani ya mashariki ya Unguja, kuanzia Paje mpaka Makunduchi, swali lao la kwanza ni lile lile, "ntamfunzaje akae chini nikimwambia kaa?" Yakhe, kukaa atajua tu mbele ya safari. Kwanza jua huwa anatoka saa ngapi kwenda kuharibu, na mbwa aliyekulia ufukweni saa yake ni maji, yakitoka na yeye anatoka.

Wangu anaitwa Chenza kwa ajili ya rangi yake, na ntamtolea mifano humu maana hakuna utundu ambao hajaufanya. Siku za bamvua, yaani maji yanapojaa sana na kutoka sana, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hukauka kwenye saa nne asubuhi hivi, na saa hizo kina mama wako kwenye mwani, watoto wanachokoa pweza, kunguru wamejaa, yaani kwake yeye ni sikukuu. Atachomoa vijiti vya mwani kimoja kimoja na kuvipanga pembeni kama fundi, atachukua kiatu cha mtu atakimbia nacho mpaka mwambani, kunguru nao wanamcheza wanamngoja afike karibu ndo waruke na yeye haachi. Siku zinazofuata saa inasogea, kila siku maji yanachelewa kama dakika 50, kwahiyo usiseme "mbona jana alitulia", jana maji yalikuwa na saa nyengine.

Dawa ni kumchosha kabla. Saa moja kabla maji hayajakauka mtoe mwenyewe kwa kamba, akimbie, anuse, achimbe, alafu mrudishe ale na umfunge kivulini kwa kamba ndefu na maji baridi ya kunywa. Maji ya kunywa ni muhimu mana akiwa na kiu atakunywa ya bahari, na usiku kucha utakuwa unasafisha uwa. Kama bado ana nguvu mfukie dagaa kidogo kidogo mchangani pembeni ya banda, atachimba mpaka alale, na kule kwenye mwani hatokumbuka.

Sasa wizi. Mbwa aliyelala njaa miezi anaiba hata akiwa ameshiba, na ukimpiga atajifunza kuiba ukiwa haupo tu. Kinachosaidia ni chakula cha saa maalumu, asubuhi na jioni, hata kiwe kidogo, akijua kinakuja wasiwasi unapungua wenyewe. Ukoko wa wali au ugali na dagaa waliochemshwa bila chumvi unatosha kabisa kuanzia. Ila makombo ya shughuli hapana jamani. Biriani la harusini lina vitunguu kila pembe na zabibu juu yake, na vyote viwili ni sumu kwa mbwa, kitunguu kinaharibu damu na zabibu zinaharibu figo. Chokoleti za wageni wa hotelini nazo usimpe, na mifupa ya kuku iliyopikwa inavunjika ncha kali inamchoma tumbo. Waambie majirani kabla ya harusi, sio baada.

Akishika kitu chako usimkimbize. Ukimkimbiza umeshaingia kwenye mchezo wake na ana miguu minne. Geuka nenda upande mwengine, chutama, toa dagaa mfukoni (natembea na dagaa mfukoni, ndio, nanuka, nshazoea), atakuja mwenyewe na kandambili mdomoni, mpe dagaa yeye akupe kandambili. Rudia hivyo hivyo kila siku na baada ya muda atakuwa anakuletea vitu mwenyewe kufanya biashara, hata visivyoibiwa.

Neno moja ambalo lazima alijue ni "wacha". Fumba dagaa mkononi, mpe mkono anuse, atalamba ataguguna ataweka mguu, usifungue. Dakika anayorudisha pua nyuma sema "wacha" na umpe dagaa wa mkono mwengine, sio yule yule. Ukiona ameelewa weka dagaa chini ufunike kwa mguu, alafu bila kufunika, alafu mkiwa mnatembea ufukweni. Usiharakishe hapa mana neno hili ndo litamwokoa na bunju, yule samaki wa sumu anayevimba. Bunju hutupwa na maji akabaki mchangani amevimba, kwa mbwa ni kama mpira wenye harufu ya samaki, na sumu yake haina dawa, inalegeza mwili mpaka pumzi inakata. Akimbeba bunju mbio kwa daktari wa mifugo hapo hapo, usingoje uone atatapika au vipi. Shokomzoba, yule mdudu wa baharini mwenye miiba mwili mzima, yeye ni maumivu tu, mwiba unaoonekana uchomoe kwa kibano, uliovunjikia ndani usiuchimbe kwa sindano, na akichechemea zaidi ya siku mbili mpeleke akaangaliwe.

Kuhusu watu, hapa ndo wengi wanaharibu. Huku watu ni Waislamu na wengi tunafuata madhehebu ya Shafi, mate ya mbwa ni najisi nzito, chombo alichokilamba kinaoshwa mara saba, moja kwa udongo. Kwahiyo sio kwamba jirani ana roho mbaya akikunja kanzu mkipita, ana sala ya kwenda kusali. Kufuga mbwa wa kulinda au wa kusasia (kuwinda) hakujakatazwa, na kule mashamba wanafuga sana kwa ajili ya kima, ila adabu zake zipo. Bakuli lake liwe lake na lioshwe nje, banda liwe nje mbali na mlango, njia ya msikitini usipite naye kwenye nyakati za sala. Na Ijumaa, adhana ya kwanza tu, mfunge. Mbwa mwenye ugonjwa wa viatu mbele ya mlango wa msikiti uliojaa viatu, we fikiria mwenyewe.

Akiharibu lipa, na lipa siku ile ile. Mwani wa mtu aliouanika, akiulalia au akiukojolea, nenda kwa mwenyewe na shikamoo yako kabla hajaja yeye kwako, "bi mkubwa nisamehe, mbwa wangu kafanya hivi, nikulipe ngapi?" Mara nyingi hatotaka hata pesa, atataka kukusema kidogo, msikilize mpaka amalize. Uchanja wa kuanikia ng'onda (samaki wakavu) na pweza mwambie jirani aupandishe juu ya kifua cha mtu, na hizo fito kanunue wewe, kwani mbwa wa nani? Watoto nao wanarusha mawe kwa woga tu. Wakusanye jioni moja, waoneshe wasimame kama mti mbwa akiwakimbilia, mikono chini, wasipige kelele. Chenza mtu akisimama hivyo anachoka mara moja anaenda kutafuta kunguru.

Chanjo ya kichaa cha mbwa sio hiari. Anachanjwa kuanzia miezi mitatu na kurudiwa kila mwaka, na uliyemuokota mkubwa mhesabu hajawahi kuchanjwa hata kama mtu kakwambia kachanjwa. Pemba walishaumaliza ugonjwa huu 2014 kwa kuchanja mbwa, ukarudi 2016, wakachanja tena mpaka wakaukata, ndo ujue unavyorudi watu wakilala. Mbwa yeyote akimng'ata mtu, hata mkwaruzo, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima alafu hospitali siku hiyo hiyo, dalili zikishatoka hakuna matibabu. Mhasi pia, dume aliyehasiwa hafati majike mpaka kijiji cha pili na hapigani sana. Kupe mtoe kila jioni, angalia ndani ya masikio na katikati ya vidole.

Ramadhani mpangie upya kabisa. Ngoma za daku zinapita usiku na Chenza anaitikia ngoma kwa sauti yote mtaa mzima unamsikia, kwahiyo chakula chake cha jioni kisogeze kiwe usiku kabla ya wapiga daku kufika, mbwa anayetafuna habweki. Magharibi kila nyumba inanukia, kachori, samaki wa kupaka, mfunge kabla ya saa kumi na mbili mpaka watu wamalize kufuturu na kusali. Usiku wa Idi fataki zikianza muingize bandani, ziba upande wenye kelele kwa gunia na muwekee redio jirani, stesheni yoyote, ila isiwe ya mpira mana Chenza wakishangilia goli na yeye anabweka.