Swichi imeyeyuka? Kabla ukimbie Luthuli Avenue, Nairobi, kununua ingine

Swichi ya boksi langu la betri iliyeyuka Jumamosi usiku stima ikiwa imepotea, tunaangalia mpira, nikasikia harufu ya plastiki nikadhani ni jirani anachoma takataka. Kumbe ni kwangu. Kushika kitufe, kimelegea kama chingamu, hakipandi hakishuki, na TV bado inawaka tu. Hapo ndio nilishtuka, swichi ya kuzima ambayo haizimi.

Hilo boksi nilijitengenezea mwenyewe, kasha la mbao lenye betri ya gari ya 12V, inverta ndogo (inageuza umeme wa betri uwe kama wa ukuta) ya TV na woofa, waya za taa, na chaja inayochomekwa kwa soketi ya ukuta. Asubuhi nikatoa swichi nikashuka nayo kwa mzee anayetengeneza redio hapo chini ya ploti, nikamwambia mzee, nataka ingine kama hii. Akaigeuza geuza, akasema, "Kijana, hii haijaungua, imeunguzwa." Plastiki ilikuwa imeyeyuka kuzunguka pini moja tu, na hiyo pini imebadilika rangi imekuwa kijivu cha bluu-bluu, ile ya pili bado inang'aa. Moto ulianzia penye waya inaingia kwa pini, swichi ikaumia kwa sababu ndio ilikuwa karibu.

Kwa hivyo usitupe hiyo ya zamani, isome kwanza. Ikiwa imeyeyuka kwa pini moja, ni waya imelegea. Ikiwa imelainika katikati na kitufe ndio kimekwama, kontakti za ndani, vile vichuma vinavyogusana ukiwasha, zimebebeshwa mzigo kuliko nguvu yao. Na ikiwa imeyeyuka upande ule unaotazamana na bati la kupoza la inverta, basi swichi yenyewe haina makosa, uliiweka karibu na jiko, itabidi utoboe shimo kwingine.

Alafu kuna hesabu, na hapa ndio wengi wetu tunaanguka. Wati 240 ukizitoa kwa ukuta hapa Kenya kwa volti 240 ni ampi moja. Wati hizo hizo ukizitoa kwa betri ya 12V ni ampi 20. Mzigo ni ule ule lakini waya na swichi zinaona kitu tofauti kabisa. Jumlisha vitu vyote unavyowasha pamoja, gawanya kwa 12, na kama kuna inverta ongeza kidogo ju nayo hula yake. Yangu ilifika karibu ampi 15, na swichi niliyokuwa nimeweka imeandikwa 6A 250V, 10A 125V. Mimi niliona tu ile 10 nikafurahi.

Hata hiyo 10 si ya betri. Hizo namba ni za AC, umeme wa ukutani unaobadilisha mwelekeo kila mara. Stima ya ukutani ya hezi 50 hupita sifuri mara 100 kwa sekunde, kwa hivyo cheche ikitokea kontakti zikiachana, inajizima yenyewe haraka. DC, umeme wa betri unaoenda upande mmoja tu, haina hiyo nafasi ya kupumua, cheche inavutika na kula chuma kila ukizima, kontakti zinakuwa na vidonda, na penye kuna kidonda kuna joto. Tafuta swichi imeandikwa DC na volti zake. Kama ni alama ya wimbi peke yake, hiyo ni AC, na muuzaji akikuambia "inabeba tu" muulize inabeba ngapi kwa DC.

Kama swichi bado inafanya kazi na imeanza tu kupata joto, kuna kipimo kimoja nakipenda sana. Upande wa betri peke yake, si upande wa ukuta, weka mita ya umeme kwa volti za DC, washa mzigo wote, alafu gusa pini mbili za swichi. Swichi nzima inakupa milivolti chache, makumi tu. Ukiona 0.8V kwa ampi 15, hiyo ni wati 12 zinachomeka ndani ya kiplastiki kidogo kuliko kiberiti. Kuipima kwa omu, yaani upinzani wake kwa umeme, haikusaidii sana, ju waya za mita zenyewe zina karibu omu 0.2 na tatizo lako linaweza kuwa omu 0.05, na hiyo 0.05 kwa ampi 20 inatoa wati 20, karibu sawa na chuma kidogo cha kusolda.

Waya nazo. Lagi, kile kichwa cha chuma mwisho wa waya, ile ya bapa inayosukumwa kwa pini ikishapata moto inapoteza springi yake, inaingia lakini haishiki, ukiirudisha kwa swichi mpya utarudi dukani baada ya mwezi. Ikate. Kata na waya yenyewe, rudi nyuma mpaka uone shaba inang'aa, ju ile iliyokuwa nyeusi au kahawia haishiki solda na hata ukiibana inabaki na upinzani. Pima kama waya itafika baada ya kukata, mimi nilikata sentimita sita ikawa fupi. Ukichuna waya ukikuta nyuzi ni nyekundu nje na nyeupe ndani, hiyo ni aluminiamu imepakwa shaba, weka kando. Kwa ampi 15 hadi 20 nilihamia waya ya 4mm, na lagi nikabana kwa chombo chake, si kwa meno ya pliers. Kusolda moja kwa moja kwa pini inawezekana lakini usikawie hapo, mwili wa swichi unalainika na pini inaanza kucheza kabla hata hujaitumia.

Kabla ufungue boksi, chomoa chaja kwa ukuta kwanza, alafu ndio utoe betri, ukianza na hasi. Wengi huchomoa plagi wakadhani wamemaliza, na betri imekaa hapo inangoja. Toa pete na saa, spana ikigusa chanya na pete yako ikigusa hasi utakumbuka jina la mamako. Fungua dirisha pia, betri ya asidi ikitoka kuchajiwa huwa na gesi inayoshika moto. Usifungue chaja, kapasita ya ndani, ile inayohifadhi umeme, hukaa na volti zaidi ya 300 hata plagi ikiwa mkononi mwako. Na kama swichi iliyoyeyuka ni ile ya ukutani ya nyumba, hiyo ni kazi ya fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kawi.

Piga picha ya waya kabla utoe chochote. Pima shimo kwa rula, zile ndogo za kawaida huingia kwa shimo la karibu milimita 19 kwa 13, na zile kubwa za 16A haziingii hapo bila kupasua mbao. Angalia pia kama kuna fyuzi karibu na chanya ya betri, na namba yake iwe chini ya ile ya swichi. Yangu haikuwa na fyuzi kabisa, sitajitetea. Nenda mjini siku ya kazi, Jumapili maduka mengi yamefungwa.

Mwisho sikununua swichi kubwa. Nilishuka Kirinyaga Road, kwa spea za magari, nikachukua rilei ya 12V 30A, swichi inayowashwa na umeme mdogo, pini 30 na 87 zikabeba mzigo, 85 na 86 zikaenda kwa swichi ndogo, na diodi ya 1N4007, inayopitisha umeme upande mmoja tu, juu ya koili ya rilei (pini 85 na 86), ule mstari wake ukiangalia chanya. Swichi sasa inabeba kama ampi 0.15 tu. Niliichagua nyekundu yenye taa ndani, ya Luthuli, bila kuuliza, na hiyo taa ni neoni ya volti 240, kwa 12V haiwezi kuwaka hata siku moja. Mdogo wangu kila stima ikipotea ananiuliza mbona swichi mpya imeungua tayari.