Kabla ya Kuunda Upya Gemu ya Kale ya Upelelezi

Anzia stoo. Orodhesha ulichonacho mkononi: msimbo chanzo (maandishi ya programu yenyewe), michoro ya awali, kanda za sauti, mikataba ya waigizaji na ya muziki. Kikikosekana kimoja, mpango mzima hubadilika. Gemu ya Blade Runner ya kampuni ya Westwood (1997) ilipotolewa upya mwaka 2022, msimbo wake chanzo ulikuwa umeshapotea, na mandhari zake zilikuwa video zilizobanwa. Zilipokuzwa na kulainishwa, maelezo madogo ya picha yakayeyuka. Wachezaji walilalamika sana, na ile ya zamani ikarudishwa sokoni iende sambamba na mpya.

Kisha cheza gemu ya zamani mara mbili, kalamu mkononi. Chora jedwali la safu nne: kidokezo, mahali kinapopatikana, swichi kinayoiwasha (alama ndani ya programu inayokumbuka kuwa kimepatikana), na mlango au mazungumzo yanayofunguka baadaye. Usiguse chochote kabla jedwali halijakamilika. Makosa mengi huanzia hapa: mtu anafuta mazungumzo "yanayochosha", kumbe ndimo lilimotajwa jina la mshukiwa, na mchezaji anajikuta anamhoji mtu asiyejua amemfikiaje. Punguza kutembea, kusubiri na kubofya kwa kurudiarudia. Hatua ya kufikiri ibaki.

Kwenye picha ndiko kuna kazi. Gemu nyingi za mwanzoni mwa miaka ya 1990 zilichorwa kwa pikseli (nukta za picha) 320×200, lakini zilitazamwa kwenye skrini ya 4:3, yaani upana wa 4 kwa urefu wa 3, hivyo kila pikseli ilikuwa na urefu uliozidi upana kwa asilimia 20. Ukizidisha pande zote kwa 5 utapata 1600×1000 na mpelelezi mfupi mnene. Zidisha upana kwa 5 na urefu kwa 6, upate 1600×1200, halafu ipunguze hadi 1440×1080. Kwenye skrini ya 1920×1080 zitabaki pikseli 240 tupu kila upande. Ukiamua kuzijaza kwa mchoro, angalia wahusika wanaoingia kutoka pembeni: sasa wataonekana wamesimama wakingoja zamu yao. Wasogeze nje zaidi, au chora nguzo ya kuwaficha.

Chukua kitako cha sigara juu ya zulia jekundu. Zamani kilikuwa pikseli nne nyeupe, na kilionekana mara moja kwa kuwa hakukuwa na cheupe kingine. Chora zulia upya na maua yake, nyuzi zake na mwanga wa taa, kitapotea. Wengi hukimbilia kukipa mng'ao unaometameta, na hapo kazi ya upelelezi imekwisha. Afadhali ufifishe maua yanayokizunguka. Kujipima, punguza picha hadi upana wa pikseli 320, iondolee rangi, na umwonyeshe mtu asiyeijua. Jicho lake lisipofika pale ndani ya sekunde tano, rudia mchoro.

Kitufe cha kuonyesha sehemu zinazobofyeka kiwepo, lakini kionyeshe zote, hata zisizo na maana. Kikionyesha zenye ushahidi peke yake, umeshamjibia mchezaji.

Uaminifu kwa gemu ya zamani nao una mpaka. Gemu mbili za Famicom Detective Club, za 1988 na 1989, ziliundwa upya mwaka 2021 kwa picha nzuri mno, ila zilibaki na menyu ya amri: mara nyingine inabidi uulize swali lile lile tena na tena ndipo hadithi isogee. Hilo halipimi akili ya mtu. Swali likiwa bado lina jibu jipya, libadilishie rangi, likiisha, lifiche.

Sauti ni jambo gumu kuliko linavyodhaniwa. Gemu ya Gabriel Knight ya 1993 ilikuwa na sauti ya mwigizaji Tim Curry. Toleo la 2014 lilileta waigizaji wapya, na ulinganisho haukuepukika. Kanda za zamani zikipatikana na haki zikiruhusu, zisafishe uzitumie. Zisipopatikana, usimwambie mwigizaji mpya amwige wa zamani. Mwongozo wake uwe maandishi ya mhusika.

Majaribio yafanywe na makundi mawili, maelezo yao yasichanganywe. Wageni watakuonyesha mnyororo wa ushahidi ulipokatika. Aliyeimaliza zamani atasema mafumbo yamerahisishwa hata kama hukuyagusa, kwa sababu anayakumbuka; kwake chukua malalamiko ya picha na sauti tu.