Sanduku la sungura kuchimbia: lidumu, lisioze, lisitafunwe likaisha

Hapa Arua, kaskazini magharibi mwa Uganda, ukimwambia mtu unafuga sungura anauliza wa kuchoma ama wa kuuza, ukisema wa kukaa naye tu nyumbani anakuangalia mara mbili. Sawa. Kama wewe pia uko naye nyumbani na ameanza kuchimba pembeni ya ukuta au anakwangua kochi usiku kucha, usimchape, haisaidii. Hawa sungura tunaofuga wametokana na sungura wa porini wa Ulaya ambao wanaishi kwenye mashimo waliyochimba wenyewe, kwa hiyo hiyo kazi iko kwenye damu, na majike ndo wanazidi. Mpe pahali pake pa kuchimba, basi.

Tatizo ni kwamba masanduku mengi watu wanatengeneza hayamalizi hata msimu mmoja wa mvua. Halafu wanafikiri ni kucha ndo zinaharibu wanaenda kununua mbao nene zaidi, pesa inapotea bure. Kucha hazifanyi kitu kikubwa. Vinavyoua sanduku ni viwili: mkojo, ambao unaingia kwenye sakafu ya mbao pamoja na udongo mbichi mpaka inaoza, na meno, ambayo yanakula ukingo wa pale anapoingilia, sababu meno ya sungura yanakua mpaka siku anakufa lazima atafune kitu. Kwa hiyo sakafu isiwe ya mbao, na ukingo uwe kitu unachoweza kufungua na kubadilisha. Ukishika hayo mawili, yaliyobaki ni useremala wa kawaida tu.

Sakafu: tafuta kontena ngumu ya plastiki ya pembe nne, zile za kuwekea nguo, karibu sentimita 60 kwa 40 na kina cha 25 hivi. Hiyo inatosha sungura wa kilo mbili tatu, kama wako ni mkubwa pima kwanza, anatakiwa ageuke ndani bila kujibana. Jerikeni ya lita 20 ukiipasua ni ndogo, usijisumbue. Mapipa ya plastiki yaliyobeba dawa au kemikali achana nayo hata kama muuzaji anaapa ameosha. Na tairi la gari, najua kuna watu wanalisifu, mi silipendi kabisa, wanatafuna mpira na ndani kuna waya, mvua ikinyesha maji yanakaa mbu wanazaliana. Toboa kontena chini kwa msumari uliopasha moto, matundu madogo sita au nane ya maji kutokea, lainisha pembeni zake.

Sasa fremu ya mbao ambayo kontena itakaa ndani yake. Tumia paini iliyokauka vizuri, na muulize muuzaji kabisa kama imepakwa dawa ya mchwa au oili chafu, ukinusa tu utajua nyingine, hiyo usichukue hata kwa bei ya bure. Plaiwudi pia hapana, ikinyonya maji inavimba inafunguka na gundi yake ndo wataanza kula. Miguu ndo weka mbao ya tiki (msaji), hapa West Nile, eneo letu hili la Arua, mafundi wanabaki na vipande vifupi kila siku, mchwa hawaipendi na sungura hafiki huko chini. Hata hivyo simamisha miguu juu ya matofali isiguse ardhi.

Kuta zipande mpaka sentimita 45, kuta tatu hizo. Ya nne ndo ya kuingilia, na hapa watu wanakosea: wanaweka mlango katikati ya upande mfupi. Sungura akichimba anaelekea kona ya mbali na udongo anautupa nyuma kati ya miguu, kwa hiyo mlango ukiwa nyuma yake moja kwa moja sebule yako yote itajaa mchanga. Weka mlango kwenye upande mrefu, karibu na kona moja, upana kama sentimita 20, alafu udongo utagonga ukuta na kurudi ndani. Nje weka tofali la kukanyagia.

Kaza kwa skrubu, sio misumari, misumari inalegea mbao zikilowa na kukauka. Toboa kwanza kwa drili ndogo zisipasuke. Pale mlangoni na juu ya midomo ya kontena funika kwa vipande vyembamba vya paini, skrubu ziingie kutoka nje ili asizifikie kwa meno. Piga msasa kila pahali. Usifunike ukingo kwa bati, najua inaonekana ni akili, lakini lina zinki si la kutafunwa, na makali yake yanakata. Rangi au vanishi ni upande wa nje tu, ikauke mpaka harufu iishe.

Udongo wa kujaza ndo naomba uwe makini. Changanya udongo mweusi na mchanga wa mto uliooshwa, nusu kwa nusu, unyevu kidogo tu ili ukiufinya ushikane, mkavu sana ni vumbi na mapafu yao ni madogo. Kina sentimita 15 kinatosha. Murram, ule udongo mwekundu wa changarawe wa barabarani, hapana, unaumiza kucha. Usichukue udongo wa shamba la tumbaku wala lililopuliziwa dawa, wala pale mbwa na sungura wengine wanajisaidia, maana vimelea vya koksidia vinatoka kwenye kinyesi na vinapenda unyevu. Maganda ya kahawa watu wanayapata bure kiwandani, usiweke, kuna kafeini ndani. Kama unakaa chumba kimoja hutaki udongo, jaza karatasi zilizochanwa zisizo na plastiki na majani makavu, atachimba hivyo hivyo.

Toa kinyesi kila siku, ukiona udongo unanuka badilisha wote, anika kontena juani siku nzima. Sanduku lenyewe likae kivulini hasa Januari na Februari, hapa kunachoma na sungura hawawezi joto.

Mara ya kwanza asipoingia fukia majani ya sukuma wiki au kipande kidogo cha karoti, atanusa tu. Jike akianza kubeba majani mdomoni na kujing'oa manyoya hiyo si michezo, anatengeneza kiota, anaweza kuwa na mimba ya kweli au ya uongo, mimba ya kweli ni karibu siku 31, mpe sanduku la kuzalia lenye majani makavu, hili la udongo ondoa kwanza.

Ukingo wa mlango ukishaliwa nusu, fungua skrubu, weka kipande kipya cha paini. Usingoje afike kwenye plastiki, sungura hawezi kutapika, akimeza vipande vinaweza kuziba utumbo.