Kabla hujaagiza trauti, pima maji yako

Ukitaka kufuga trauti wa upinde wa mvua (rainbow trout), samaki wa maji baridi, usianze na vifaranga. Anza na kipimajoto. Kizamishe bwawani saa tisa alasiri, mwezi Novemba, Dodoma ikiwa imewaka kwelikweli, kiache dakika tano ndipo usome. Trauti hustawi kwenye nyuzi 10 hadi 16 hivi. Zikikaribia 25 yuko hatarini. Maji ya moto hubeba oksijeni kidogo, na huyu samaki ni mlafi wa oksijeni.

Halafu angalia kama maji yanatembea. Asili yake ni mito inayoingia Bahari ya Pasifiki, magharibi mwa Amerika Kaskazini na Kamchatka kule Urusi: maji baridi, safi, yanayokimbia juu ya changarawe. Changarawe hiyo si pambo. Jike huchimba shimo kwa mkia, hutaga, kisha huyafukia mayai, na maji lazima yapenye kati ya mawe yayape hewa. Tope letu la mfinyanzi lingeyaziba.

Afrika Mashariki waliletwa enzi za ukoloni, wakawekwa kwenye vijito vya milimani kama Mlima Kenya na Kilimanjaro. Mwenye kijito cha baridi kisichokauka huko juu, ajaribu. Wewe wa Hombolo au Mtera, kwenye joto la Dodoma, ndugu yangu, kipimajoto kimeshakujibu: fuga perege, anayefurahia nyuzi 25 hadi 30. Kambare mchimbie bwawa lake, la sivyo atakumalizia vifaranga.