Somo: Namna ya Kutembea kwa Miguu Ras Serani na Mnara Wake wa Taa

Ras Serani ni ncha ya kisiwa cha Mombasa upande wa kusini-mashariki, pale ambapo mkondo wa Kilindini unakutana na bahari kuu na ambapo meli zote zinazokwenda bandarini hupita karibu na nchi kavu kiasi kwamba mtu aliyesimama ukingoni husoma majina yake bila darubini. Barabara ya Mama Ngina inaizunguka ras hiyo, na tangu eneo hilo lilipokarabatiwa mwaka 2019 kuna njia pana ya waendao kwa miguu na mahali pa kukaa. Somo hili ni la mtu anayetaka kuitembea sehemu hiyo taratibu, na jambo la kwanza analopaswa kulipanga ni maji.

Hatua ya kwanza: tazama mwezi kabla ya kutazama kalenda ya kazi.

Wageni wengi huchagua Jumapili kwa sababu ni siku ya mapumziko, kisha hulalamika kwamba walikuta miamba mitupu na bahari imekimbia. Maji ya Mombasa hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda unaozidi kidogo siku moja, na kila siku saa zake husogea mbele kwa takriban dakika hamsini. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, huja bamvua, na siku hizo tofauti kati ya maji yaliyojaa na yaliyokupwa huzidi mita 3. Katika pwani yetu maji ya bamvua hujaa alasiri, kwenye saa kumi au saa kumi na moja hivi, na tena alfajiri katika saa kama hizo, ilhali asubuhi kwenye saa nne au saa tano huwa yamekupwa kabisa. Juma moja baadaye, wakati wa maji mafu, mambo hugeuka: alasiri ndipo maji yanapokuwa chini, na hata yakijaa hayapandi sana. Kwa hiyo anayefuata mwezi mwandamo ana hesabu nyepesi. Tarehe mosi hadi tatu, au kumi na tano hadi kumi na saba, akienda alasiri atayakuta mawimbi yakipiga mwamba kwa nguvu. Anayependa kuona miamba iliyoachwa wazi na wavuvi wakiipitia aende asubuhi katika siku hizo hizo.

Majira ya upepo nayo yahesabiwe. Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, huleta bahari tulivu na jua kali. Kusi huvuma kwa nguvu katikati ya mwaka na bahari huchafuka. Mimi huipendelea kusi, hasa Julai na Agosti, kwa sababu hewa ni ya baridi kidogo na mawimbi yana la kuonyesha. Lakini mwenye watoto wadogo atastarehe zaidi wakati wa kaskazi.

Hatua ya pili: anzia upande wa Feri.

Kutoka mjini, matatu au tuktuk inayokwenda Feri ya Likoni itakushusha karibu na mwanzo wa barabara. Ukianzia huko alasiri utalipa jua kisogo, mkondo utakuwa mkono wako wa kulia, na meli zinazoingia zitakuwa zinakujia usoni. Anayeanzia upande wa Fort Jesus saa hizo hutembea akiwa amekunja uso njia nzima. Asubuhi, basi, geuza mpango huu.

Hatua ya tatu: tembea, lakini simama penye mibuyu.

Mibuyu ya hapa ni mikubwa na ya kale, na baadhi ya wenyeji huiheshimu kama mahali pa mizimu. Usichonge jina lako kwenye gome lake. Chini ya kivuli chake ndipo pazuri pa kungojea meli. Utaona kwamba meli kubwa haziingii peke yake: rubani wa bandari hupanda melini ikiwa bado nje, kisha huiongoza kupitia mlango uliopo kati ya miamba ya matumbawe. Taa za nchi kavu zinazoongoza meli mahali pembamba namna hii kwa kawaida hufanya kazi kwa jozi, moja mbele ikiwa chini na nyingine nyuma ikiwa juu zaidi. Aliye melini akiziona zimesimama wima, moja juu ya nyingine, anajua yumo katika njia salama, na zikiachana anajua amepotoka upande gani. Ukilifahamu hilo, mnara wa Ras Serani hutauona tena kama pambo la picha.

Karibu na ras yako pia mabaki ya ngome ndogo ya Mtakatifu Yosefu, iliyojengwa na Wareno kulinda mlango wa maji. Watu wengi huipita bila kuitambua, nao wametoka kulipa kiingilio Fort Jesus, ngome kubwa iliyoanzwa mwaka 1593 na kutwaliwa na Waomani mwaka 1698. Hizi mbili zinaeleweka vizuri zaidi zikitazamwa siku moja.

Hatua ya nne: kula.

Mihogo ya kuchoma au ya kukaanga kwa pilipili na ndimu, kachiri, viazi karai na madafu hupatikana kwa wingi jioni. Uliza bei kabla ya kuagiza, na ukimaliza kunywa dafu mwombe muuzaji akupasulie ukombe nyama yake.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Shikamoo mwalimu. Je, tunaruhusiwa kupanda juu ya mnara?

Jibu: Marahaba. Mnara ni chombo cha kazi ya bandari, si makumbusho. Utazameni kwa nje. Kaeni hadi magharibi ipite, kwani giza huingia upesi na hapo ndipo taa zinapoonekana vizuri.

Swali: Assalamu alaykum. Mama yangu ni mzee na magoti yanamsumbua. Ataweza?

Jibu: Wa alaykumu s-salaam. Ataweza, ndugu yangu, ila asiitembee njia yote. Mpeleke kwa tuktuk hadi karibu na mnara, aketi kwenye sehemu iliyosakafiwa, nawe uzunguke kisha umrudie. Epukeni ngazi za kuteremkia chini.

Swali: Watoto wanaweza kuogelea hapo?

Jibu: Hapana, na nasisitiza. Mkondo una nguvu na meli zinapita. Tena mwamba wa matumbawe umeliwa na mawimbi kwa chini, hivyo ukingo unaouona imara huenda hauna kitu chini yake. Watoto wakae hatua kadhaa nyuma. Wa kuogelea wapelekeni Shelly, ng'ambo ya Likoni, au Nyali, na huko pia mwangalie maji kwanza.

Swali: Kuna katazo la kupiga picha?

Jibu: Bahari, mibuyu na meli za mizigo hazina tatizo. Usipige picha za feri na kivuko chake, vyombo vya jeshi la wanamaji, wala Ikulu iliyopo mtaa huu wa Kizingo. Askari akikuambia uifute picha, ifute bila mjadala.

Swali: Sisi ni wanawake watatu, tungependa kwenda alfajiri kuona jua likichomoza. Mnashaurije?

Jibu: Dada zangu, jua huchomoza baharini na ras ni mahali pazuri pa kuliona, ila alfajiri watu ni wachache. Msitembee kutoka Feri gizani. Chukueni tuktuk hadi penye mnara, mkubaliane na dereva awangojee au awarudie saa moja, na simu zikae mfukoni hadi kupambazuke.