Zawadi ya mtoto asiyejali midoli: angalia kwanza mikono yake iko wapi

Mtoto ana mwaka na nusu, au miwili hivi, unampelekea gari la betri linaimba na kuwaka taa, analitazama kidogo halafu huyoo anarudi kwenye mfuniko wa sufuria. Jamani huyo mtoto hana tatizo wala hajakudharau. Lile gari ukishalibonyeza linajichezea lenyewe, yeye anabaki hana kazi, ila mfuniko unagongwa, unazungushwa, unafunikwa na kufunuliwa mpaka basi.

Sasa kabla hujashuka sokoni Makoroboi hapa Mwanza kununua chochote, mpigie mama yake, au bora zaidi dada anayeshinda nae nyumbani maana ndo anamjua. Usimuulize anapenda midoli gani, utajibiwa hapendi na mtaishia hapo. Muulize huwa mnamnyang'anya nini? Jibu la hilo ndo zawadi yenyewe.

Mpwa wangu hapa Kirumba alikuwa analilia funguo za watu kila siku, nikamtafutia kufuli kubwa la chuma, ufunguo nikaufunga na kakamba kafupi palepale kwenye kufuli usipotee. Anakaa chini miguu kaitanua, ulimi nje, anachomeka, anakosea tundu, anageuza ufunguo anajaribu tena, likifyatuka anatuangalia wote usoni halafu analibana upya. Ni kufuli la dukani la kawaida kabisa.

Kama mtoto wenu anamfuata bibi akichambua dagaa basi mpe kaungo kadogo na bakuli lake akae pembeni. Wa kufagia mnunulie fagio halafu ukate mpini ufike kifuani kwake. Wa kubebabeba vitu, kikapu chenye mkono.

Wanaopenda maji ni wengi sana huku kwetu, na zawadi yao ni rahisi, beseni, vikopo viwili vitatu vya saizi tofauti, chujio na jagi dogo, atamimina hata saa nzima. Ila hapa naomba mnisikilize vizuri, mtu mzima akae hapohapo, sio aende kugeuza ugali kwanza, maana mtoto wa umri huo anazama hata kwenye maji ya sentimita 5 na wala hapigi kelele. Mkimaliza maji yamwagwe.

Chochote unachonunua kipime na kile kiboksi cha duara kinachobaki tishu ya chooni ikiisha, kitu kikipita mle ndani kinaweza kumkaba, usimpe aliye chini ya miaka 3. Na zile betri bapa za duara ziogopeni kweli, akimeza inaweza kuunguza koo ndani ya masaa 2 tu, kwahiyo toi yenye betri iwe na kifuniko cha skrubu.

Zawadi si lazima iwe kitu pia. Mpeleke kisiwa cha Saanane na boti, mvalishe boya la saizi yake, kule kwenye mawe kuna pimbi na wale mijusi wenye kichwa chekundu na mwili wa bluu, mwache awatazame anavyotaka msimharakishe.

Ila kama hachezei kitu chochote kabisa, hata sufuria, ukimwita jina hageuki, amefika miezi 18 na haonyeshi kitu kwa kidole, muambie mama yake taratibu, sio mbele za wageni, aulizie siku ya kliniki wampime na masikio pia. Kusubiri "atakua tu" kunampotezea muda mtoto.

Siku ya kupeleka zawadi kaa nae chini, anza kuitumia wewe bila kumwambia "cheza tukuone", atasogea mwenyewe. Asiposogea mama aiweke kabatini aitoe tena baada ya mwezi hivi, umri huu wanabadilika haraka.